Serikali Isiyo na Dini Inayokusanya Sadaka

Nimeishi Nürnberg, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kwa miaka tisa sasa, na kila nikipiga simu Moshi husikia neno lile lile: kwamba Wazungu wamemwacha Mungu na makanisa yao yamebaki ya watalii. Siwakatalii ndugu zangu yote, maana Jumapili katika usharika wetu tunakaa watu thelathini, wengi wao wazee, ndani ya jengo la kutosha mamia. Lakini anayedhani kwamba makanisa yakiwa matupu basi dini na serikali zimekwisha kutengana, hajaiona hati yangu ya mshahara.

Nilipokwenda kuandikisha makazi yangu, fomu niliyopewa ilikuwa na nafasi ya kutaja dini. Nikajaza kwa fahari kwamba mimi ni Mlutheri, nikiamini ni takwimu tu. Mwisho wa mwezi nikakuta kwenye hati ya mshahara herufi mbili ndogo, ev (kifupi cha neno la Kijerumani la Mprotestanti), na makato ya kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi yangu ya mapato (katika majimbo mengi ni 9), ikikusanywa na ofisi ya kodi ya serikali. Asiyetaka kukatwa sharti aende mbele ya ofisa wa serikali, atamke kwamba amejitoa kanisani, na alipe ada. Siku ile nilikumbuka mnada wa mazao baada ya ibada nyumbani, mzee wa kanisa akinadi mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu, watu wakipandisha bei kwa moyo, na anayeshinda mara nyingine akiurudisha mkungu unadiwe tena. Serikali haijui nani alitoa nini pale, wala haina haja ya kujua.

Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919, iitwayo ya Weimar, ilitamka kwamba hakuna kanisa la dola, na Katiba ya sasa, ya 1949, ikarithi maneno hayo. Ila ibara ile ile ndiyo iliyoyapa makanisa haki ya kutoza kodi. Mwaka 2018 serikali ya Bavaria iliagiza msalaba utundikwe kwenye lango la majengo yake, ikiueleza kuwa alama ya historia na utamaduni, na mwaka 2023 mahakama kuu ya masuala ya utawala ikaukubali ubaki. Mimi ninayeuheshimu msalaba huo naumia kuuona umefanywa pambo la ofisi. Jirani yangu Mturuki ana uchungu wake: msikiti wao, kama misikiti mingi hapa, ni chama tu kinachoendeshwa kwa michango, na siku ya Idi huomba likizo.

Kwetu Tanzania, Katiba ya 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, huku Bunge likianza kwa dua, Rais akiapa ameshika Msahafu au Biblia, na wimbo wa taifa ukiwa ni sala tupu. Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani aliposikia hayo alisema tunajidanganya. Nilimjibu kwamba aangalie mkono wa serikali ulipo, asisikilize tu jina la Mungu linatajwa mara ngapi. Baada ya ile ya mwaka 1967, sensa yetu haimuulizi mtu dini yake, na Idi na Krismasi zote ni sikukuu za taifa. Kwa kipimo hicho naona kutengana kwetu, pamoja na kelele zake za ibada, kuna ukweli zaidi, ingawa sipendi hata kidogo wanasiasa wanavyopewa madhabahu kila uchaguzi ukikaribia.

Mpwa wangu anakuja Septemba kusomea uuguzi. Nimemweleza mapema maana ya ile nafasi kwenye fomu, ili akiandika kwamba ni Mlutheri, ajue anachotia saini.