Cherehani cha Fundi Mnadani

Wakopeshaji wana kauli yao: sheria ikimwachia mdaiwa vitendea kazi vyake, imemfundisha kutolipa. Wanakilenga kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, kinachomzuia dalali wa mahakama kugusa zana za fundi, na kwa mkulima majembe, mbegu na mifugo anayoitegemea. Kenya wana kifungu cha 44 cha sheria yao ya madai, kipana zaidi, kwani kinataja zana za kazi au taaluma ya mtu yeyote.

Hebu tukae kwanza na hesabu. Fundi nguo anadaiwa laki sita. Dalali anabeba cherehani chake, Butterfly nyeusi, pamoja na meza, sare za shule za Januari zikiwa zimekatwa na hazijashonwa, kwa hiyo kuanzia siku hiyo anadaiwa na wazazi pia. Wanaokuja mnadani wamefuata bei ya kutupa. Tuseme cherehani kimeuzwa laki moja na nusu. Toa ujira wa dalali na gari la kubebea, labda inabaki laki moja. Laki tano zilizosalia zitatoka wapi, na mikono imebaki mitupu? Angeachiwa cherehani akawa analeta elfu ishirini kila wiki, ndani ya wiki thelathini deni lote lingeisha. Mashine ile ile inayomlisha fundi, kwa mnunuzi wa mnadani ni chuma na mbao tu. Kumbukumbu la Torati ilikwisha kuliona hilo ilipokataza kumtwalia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani.

Hata hivyo, wakopeshaji si wakorofi tu. Asiye na kiwanja wala hati ataweka dhamana gani zaidi ya mashine yake? Ndiyo maana mwaka 2017 Kenya walitunga sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, yenye daftari la kuzisajili. Ukiifunga njia hiyo kabisa, fundi atapandishiwa riba au atanyimwa mkopo. Na wajanja wapo: mwenye karakana ya vyerehani ishirini na vibarua wake naye atajiita fundi.

Lakini ukuta huu unaolalamikiwa una urefu gani? Kifungu cha 48 kinahusu kukazia hukumu ya mahakama, yaani kumlipisha kwa nguvu aliyeshindwa kesi. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, haufiki huko. Mama amejaza fomu, ameorodhesha televisheni, friji na cherehani, ameweka sahihi. Rejesho likichelewa, vijana wanafika na bajaji na kubeba. Hukumu haipo, na dalali wa mahakama hajatumwa. Kenya nako, mkulima analindiwa mifugo ya shilingi 10,000 za kwanza na zana za shilingi 5,000. Ng'ombe wa maziwa kwa elfu kumi utampata wapi leo? Hizo elfu tano hazinunui hata mashine ya kukatia majani.

Mimi ningeuliza jambo moja: mkopo ulinunua nini? Kama ndio ulionunua cherehani, mkopeshaji akichukue akishindwa kulipwa. Ni chake kwa namna fulani, kama bodaboda ya mkataba inavyobaki kwa tajiri mpaka hesabu ya mwisho. Kama ulikuwa wa ada au matibabu, cherehani kisiandikwe kwenye fomu kabisa, hata mwenyewe akikubali, maana aliye na mgonjwa ndani atakubali chochote. Sheria ya ufilisi ya Marekani inakaribia hapo: mdaiwa anaweza kuiomba mahakama iondoe rehani iliyowekwa juu ya zana zake za kazi anazoendelea kuzitumia, isipokuwa ile ya mkopo ulionunua zana zenyewe.

Na yule wa vyerehani ishirini? Aachiwe kimoja anachokalia mwenyewe. Vile kumi na tisa vipelekwe mnadani.