Namba ya kitambulisho si siri, tusiifanye ufunguo

Mtu akigundua kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lake, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: ulimpa nani taarifa zako? Ataulizwa na ndugu, ataulizwa na karani wa taasisi iliyokopesha, na usiku atajiuliza mwenyewe. Wapo wanaosema lawama hiyo inapelekwa kusiko, kwamba wa kuulizwa kwanza ni aliyetoa pesa bila kuhakikisha anampa nani. Hao huonekana wanatetea uzembe. Mimi naona hawajasikilizwa vya kutosha.

Kuna kisa cha pochi kinachonirudia kila mjadala huu unapozuka. Mwaka 1938, kiwanda kimoja cha Lockport, jimbo la New York, kilitia ndani ya pochi zake kadi ya mfano ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ili mnunuzi aone jinsi kadi yake itakavyokaa. Ilikuwa kama nusu ya kadi halisi, imechapwa kwa wino mwekundu, na juu yake imeandikwa kwamba ni sampuli. Ila namba ilikuwa ya kweli, namba ya hifadhi ya jamii ya mama mmoja, katibu katika kiwanda hichohicho, na aliyeamua itumike ni bosi wake. Wanunuzi wakaichukua kuwa yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia. Kwa miaka yote, waliowahi kuitaja kuwa namba yao walizidi 40,000, na hadi 1977 walikuwa wamebaki 12.

Hiyo 40,000 hainitoki kichwani. Yule mama hakubofya kiungo cha matapeli wala hakumtajia mtu namba yake kwenye simu. Wengi wa walioitumia hawakukusudia hata kumwibia. Waliikuta kwenye pochi wakadhani ni yao. Kila mara, upande wa pili wa dirisha, kulikuwa na mtu aliyeipokea namba na kuiandika. Mama alipewa namba mpya, lakini ile ya zamani iliendelea kutembea bila yeye.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo mawili. Namba ya kitambulisho, kama jina, inasema unadai kuwa nani. Haithibitishi kwamba ndiwe. Waliotoa kadi hizo walilijua hilo: kuanzia 1946 zilichapwa maneno yanayoonya kwamba si za kumtambulisha mtu, na maneno hayo yakaondolewa 1972. Onyo hilo halikuzuia namba igeuzwe ufunguo wa mikopo na akaunti. Mwaka 2017 wadukuzi walipoingia kwenye kampuni ya Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo, walifikia taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na namba hizohizo za hifadhi ya jamii. Walipitia tundu la programu ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi mwaka huo, kikaachwa bila kuwekwa. Nenosiri unaweza kulibadilisha leo jioni. Tarehe ya kuzaliwa utaibadilishaje?

Wanaosisitiza uangalifu wa mtu binafsi nao wana hoja, tena nzito. Wizi mwingi unapita mdomoni mwa mwenye mali. Simu inaita, sauti ya upole inakutaja majina yako yote, inasema akaunti yako ina tatizo, kisha inaomba ile namba ya uthibitisho iliyoingia sasa hivi kwenye ujumbe mfupi. Ukiitaja, hakuna mfumo utakaokuokoa. Taasisi nazo husema masharti yakikazwa mno, watakaofungiwa nje ni wale wasio na nyaraka, na hilo ni kweli. Lakini ona urahisi wa masharti unalipwa na nani: na mtu ambaye hakukopa hata senti, anayehangaika miezi akithibitisha jambo ambalo hakulifanya.

Tena uangalifu una kikomo. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, iliandikwa matusi na watu walioiteka namba yake ya simu. Twitter ilisema kosa la kiusalama lilikuwa la kampuni ya simu. Kama yeye aliponyokwa na laini yake, mfanyakazi wa kawaida tunamwambia nini?

Tumwambie afanye yaliyo mkononi mwake, bila kumwahidi kwamba yanatosha. Kila akaunti iwe na nenosiri lake. Akaunti ya barua pepe ilindwe kuliko zote, kwa kuwa mwenye kuishika anaweza kubadilisha manenosiri ya nyingine. Namba za uthibitisho zitoke kwenye programu ya simuni, pale inapowezekana, badala ya ujumbe mfupi unaofuata laini popote ilipohamishiwa. Akiombwa nakala ya kitambulisho, aandike kwa kalamu kukatiza nakala, ikiwezekana juu ya picha yenyewe: imetolewa kwa nani, kwa shughuli gani, tarehe ngapi. Na deni lisilo lake likimfikia, alikane kwa maandishi siku hiyohiyo, na aitake taasisi imwonyeshe ilichokiangalia kabla ya kutoa pesa.