Tuonesheni ramani ya kiwanja, picha ya jengo baadaye

Siku hizi kila mradi mkubwa Unguja unaanza na mabati. Kiwanja kinazungushwa mabati, na juu yake panabandikwa picha: jengo la vioo, minazi iliyopandwa mstari, watoto wawili wanakimbia kwenye majani mabichi, anga ya buluu isiyo na wingu. Tunasimama tunaitazama, tunaipiga picha, tunairusha kwenye makundi ya WhatsApp, kisha tunaanza kugombana. Zuri. Baya. Limefanana na Dubai. Halifanani na Zanzibar. Mimi mjadala huo umenichosha, kwa sababu katika yote ambayo jengo jipya linaweza kuufanyia mtaa, sura yake ndilo jambo dogo kabisa. Jengo baya la kutazama unalizoea baada ya mwaka. Jengo lililokaa vibaya juu ya ardhi hulizoei, linakusumbua kila masika.

Karatasi ninayoitaka mimi ni nyingine, na sijawahi kuiona imebandikwa kwenye mabati yoyote. Ni ramani ya kiwanja. Hii ni ile inayochorwa kana kwamba mtu amepanda juu ya mnazi akatazama chini: bikoni, yaani alama za mpaka, ziko wapi, nyumba imeachana na mpaka kwa hatua ngapi, gari itaingilia wapi na kutokea wapi, karo la maji machafu litachimbwa upande gani, kisima kiko wapi, ardhi imeinamia wapi, mti gani utakatwa na upi utabaki. Haina rangi, haina watoto wanaokimbia, na ndiyo maana hakuna anayeionesha. Lakini kila ugomvi wa majirani niliowahi kuushuhudia katika mambo ya ujenzi ulikuwa umeshaandikwa humo kabla jembe halijagusa ardhi, lau mtu angelisoma.

Na nani anaisoma? Mchoraji aliyeichora, mwenye kiwanja aliyelipa, na maofisa wanaotoa kibali. Jirani anakuja kuisoma kwenye ardhi, baada ya shimo la msingi kuchimbwa. Wakati huo hata akisema kweli anaonekana ana husda.

Nitatoa mfano wa mtaani kwetu, upande wa Magharibi B, bila ya kumtaja mtu. Kulikuwa na bonde dogo baina ya nyumba, la kawaida tu, ambalo maji ya mvua yakipitia miaka yote kuteremka kwenda kwenye mtaro mkubwa. Bonde lile halikuwa na jina wala hati, lakini kila mtu akilijua, na watoto wakilichezea. Akaja jirani mpya akanunua. Akaleta kifusi, gari baada ya gari, mpaka kiwanja chake kikanyanyuka juu ya sakafu za jirani zake kiasi cha goti la mtu mzima. Akajenga ghorofa mbili nzuri, akazungusha ukuta wa matofali usio hata tundu moja. Mwenyewe si mtu mbaya, na alipohamia alisoma maulidi na mtaa mzima tukala pilau yake. Masika yalipokuja maji yakafika pale, yakakuta ukuta, yakageuka. Yakaingia kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akikaa pale tangu pakiwa na mihogo. Godoro, unga, makabati, vitabu vya skuli vya wajukuu, vyote viliroa.

Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Sheha, masikini, hakuwa na karatasi yoyote ya kutazama. Jirani akatoa kibali chake, nacho kilikuwa halali. Alipotuonesha ramani tukaona nyumba imekaa ndani ya mipaka yake sawasawa, umbali uliotakiwa umeachwa, hakuna alichoiba. Kilichokosekana mle ni mshale mmoja wa kuonesha maji yanatoka wapi yanakwenda wapi, na mshale ule hakuna ofisa anayeweza kuubuni akiwa mezani mjini. Yule bibi angeuchora kwa kidole, tena siku ya kwanza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ramani ya kiwanja ipitiwe mtaani, na watu wa mtaa, kabla ya kibali. Lakini ipitiwe hiyo, tuachane na rangi ya kuta na umbo la madirisha.

Najua kuna watakaosema kwamba Zanzibar haijakosa vyombo vya kukagua ujenzi. Kweli, na Mji Mkongwe ndio ushahidi. Mamlaka yake iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa uhifadhi ukaandaliwa katika miaka ya tisini, mji ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sheria ikaandikwa upya mwaka 2010. Huwezi kubadilisha mlango au kuongeza chumba juu ya dari ukasema ni nyumba ya babu yako. Na bado tukapata suala la Mambo Msiige, lile jumba la Shangani lililogeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya ubavuni. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia urefu wake na nafasi iliyochukua, wataalamu wakaja wakaandika ripoti zao, lakini mjadala wenyewe ulipopamba moto ujenzi ulikuwa umeshakwenda mbali. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Waliohesabu urefu wa jengo wakati huo walikuwa wanahesabu kitu ambacho kimeshasimama.

Kama Mji Mkongwe, wenye sheria yake na macho ya dunia nzima, unachelewa kuoneshwa karatasi, sisi wa Fuoni, Tomondo na Kisauni tutapata nini?

Sisi wa nje ya mji wa mawe tuna historia ya kuchorewa. Mwaka 1923 alikuja Mwingereza Lanchester akachora mpango wa mji. Mwaka 1958 ukaja wa Kendall. Mwaka 1968 Wajerumani Mashariki wakachora wa kwao, ndio uliotuletea yale majumba marefu ya Michenzani, na nyumba za maendeleo zikafika mpaka Wete na Makunduchi. Mwaka 1982 Wachina wakachora mwengine. Sizibezi kazi hizo. Michenzani iliwapa watu umeme na vyoo vya ndani wakati ambapo hilo lilikuwa jambo kubwa, na mimi nina jamaa waliozaliwa mule ambao hawataki kuhama. Lakini ziangalie kama ramani ya kiwanja: majengo yaliyonyooka kama yamepigwa rula juu ya mitaa iliyokuwa na vichochoro, misikiti midogo, visima na mabaraza ya kila nyumba. Aliyekuwa akikaa pale chini hakuoneshwa karatasi. Na watu wa Ng'ambo, huo upande wa nje ya mji wa mawe, hawakuwa watu wa kunyamaza katika mambo ya ardhi. Hao ndio waliogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Ilichukua mpaka katikati ya miaka ya 2010, na mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, kwa wapangaji wa serikali kukaa na wakaazi wakawauliza wapi wanakaa baraza, wapi wanapita, nini wanakithamini. Ulikuwa mwanzo mzuri. Ila ule ulikuwa mpango wa eneo zima. Mimi nasema jambo literemke mpaka kwenye kiwanja kimoja kimoja, maana humo ndimo tunamoumizana.

Hata mafundi wetu wa zamani walikuwa wanalijua hili bila ofisi. Tembea Malindi au Hurumzi utazame. Milango ya nyumba mbili zinazotazamana mara nyingi haikabiliani uso kwa uso. Makopo ya maji ya paa yanatemea njiani, hayatemei kwa jirani. Baraza imeachiwa nafasi na punda bado anapita. Wale walikuwa na kipimo kimoja wanachokijua wote, hadithi ya Mtume: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kadhi akiitumia, fundi akiitumia, na jirani akiidai mapema kwa sababu msingi ulichimbwa mbele ya macho yake na watu wakijuana. Leo mwenye kiwanja yuko Muscat au Dar es Salaam, fundi katoka kwengine, na wewe jirani huna hata nambari ya simu ya kumpigia mtu.

Tukiangalia nje, mji wa Seattle kule Marekani ulianzisha mwaka 1994 bodi za wakaazi wa kujitolea za kukagua michoro ya majengo makubwa. Jambo moja katika utaratibu wao limenivutia sana: mjenzi anatakiwa kuja mapema, kabla ya kuomba kibali chenyewe, akiwa na njia mbalimbali za kulikalisha jengo lake kwenye kiwanja, ili watu waseme wakati penseli bado inafutika. Lakini wao pia walifika mahali mambo yakawakalia vibaya. Vikao vikazaana, watu wakaanza kubishania rangi ya matofali, nyumba zikachelewa na kodi zinapanda. Mwaka 2023 jimbo lao la Washington likapitisha sheria ya kubana ukaguzi huo: vigezo viwe wazi, na kikao cha hadhara kisizidi kimoja.

Mimi nachukua yote mawili, kuja mapema na kikao kimoja. Ramani ya kiwanja ibandikwe ofisi ya sheha, na nakala moja ibandikwe kwenye hayo mabati, wiki mbili. Kisha pafanywe kikao kimoja, palepale kiwanjani si ukumbini, mchoraji mwenyewe awepo na watu watembee naye kutoka bikoni mpaka bikoni. Yaulizwe mambo machache: maji, njia, karo, madirisha yanayoangalia ua wa mtu, gari la zimamoto litapita au halipiti. Yakiandikwa na kutiwa saini, yaende pamoja na faili la kibali, na ofisa akiamua kuyakataa aandike sababu. Sheha tayari ana baraza lake la ushauri, hatuhitaji kuunda tume.

Karo nimelitia kwa makusudi. Maji tunayokunywa mjini yanatoka ardhini, kisiwa chetu kikubwa kina mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, na makaro yetu mengi hayana sakafu. Tulipigwa na kipindupindu mwaka 2015 na 2016, tukasema ni uchafu wa watu. Mtu akichimba karo hatua chache kutoka kisima cha jirani kwa sababu kwenye ramani yake kisima hicho hakipo, usafi wa mikono hautomsaidia yeyote. Na kisima cha jirani hakiwezi kuwepo kwenye ramani yangu kama mchoraji hakuruka ukuta kwenda kuuliza.

Wakati wa kikao nao una maneno. Kikifanywa baada ya Isha barazani, watakuja wanaume, na nusu yetu tutazungumza siasa. Wanaojua maji yanaingilia mlango upi ni wanawake, maana ndio wanaoyakumba. Wanaojua kichochoro kipi watoto wanapita kwenda madrasa ni hao hao. Kiwekwe alasiri, kiwanjani, na wasikalishwe nyuma.

Kuhusu husda, sikatai kwamba ipo. Kuna jirani atakayepinga ghorofa yako kwa sababu yeye hana, akaita pingamizi lake maji. Ndiyo maana nataka mambo ya kuuliza yawe machache na ya kuonekana kwa macho. Husda ikiambiwa ioneshe mtaro uko wapi, inakosa la kusema. Wala majirani wasipewe uwezo wa kuzuia. Wawe na haki ya kuona na kusema, uamuzi ubaki kwa mwenye dhamana, kwa sababu nimeona pia masheha na wazee wa mtaa wakiuza ukimya wao, na ukiwapa kura ya turufu umewafungulia duka.

Na kuhusu mwekezaji atakayekimbia kwa sababu ya wiki mbili: sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, na mwaka 2012 tulikuwa 1,303,569. Ardhi haikuongezeka hata shubiri. Anayetaka kujenga hapa anajua thamani ya alichokipata, hakimbii kwa wiki mbili. Kinachomchelewesha ni kesi ya mpaka inayofunguliwa nyumba ikiwa kwenye linta.

Tuanze na majengo ya ghorofa tatu kwenda juu, mahoteli, maduka makubwa, na kiwanja chochote kinachojazwa kifusi, hata kama juu yake panajengwa banda. Anayeongeza chumba cha mwanawe anayeoa aachwe ajenge. Tukimbebesha na yeye utaratibu huu, hatokwenda kuomba kibali kabisa, atajenga usiku.