Goti Langu na Kiplefti cha Michenzani

Ndiyo, mie ndiye yule mrefu wa vespa nyeupe. Futi 6 na inchi 4, na hapo sijavaa viatu. Huku Fuoni watoto wananiita Mlingoti. Daladala nilizisusa zamani, hasa zile za mbao zenye paa la chini, maana nikishuka hubaki nimejikunja hivyo hivyo mpaka nifike skuli ninakofundisha, na wanafunzi hudhani natafuta kitu nilichoangusha.

Kwa hiyo ami yangu aliponiuzia vespa yake nilijiona nimepona. Vespa haina paa. Shida ya kichwa ikaisha siku hiyo hiyo, na ya magoti ikaanza siku hiyo hiyo.

Maana vespa si pikipiki. Pikipiki unaibana kwa mapaja na miguu inabaki huku na huku. Hii unaketi kama uko barazani kwako, miguu pamoja, na mbele ya miguu pana bati. Ndivyo alivyotaka aliyeisanifu, Corradino D'Ascanio wa Italia, muhandisi wa ndege na helikopta ambaye pikipiki hazikumpendeza hata chembe. Mwaka 1946 kikatoka chombo ambacho kupanda hutanui miguu, injini imefunikwa ubavuni, oili haikurukii. Utadhani alikuwa na kanzu na buibui akilini, si ajabu Unguja tumekipenda namna hii. Nguo zetu alizifikiria yule bwana. Miguu yangu hakuifikiria.

Nikikaa mahali pa dereva, magoti yananipanda mpaka usawa wa mikono ya usukani. Dawa niliipata wiki ya kwanza: narudi nyuma. Nakaa pa abiria, makalio ukingoni, mikono nimeinyoosha kama mtu anayesukuma mkokoteni. Miaka miwili nimeendesha hivyo, tena nikawa nawapa watu mawaidha kwamba siti ya vespa ni godoro, wao tu hawajui kukaa. Kumbe raha yangu yote ilikuwa na sharti moja, na sharti lenyewe sikulijua: nisiwe na abiria.

Siku ya siku ikawa Ijumaa, nikaha ya binamu yangu, Mkunazini, baada ya laasiri. Shangazi kakosa gari.

Sasa, shangazi yangu ni mtu wa heshima, na mwili wake nao ni wa heshima. Mkononi ana kikapu cha halua ya Wete, na halua hiyo haikubaliani na mahali popote ila mapajani pake. Akapanda kwa kukaa upande, buibui kalikusanya vizuri. Akikaa hivyo mtu wa kimo chake, siti haigawanyiki nusu kwa nusu.

"Sogea mbele kidogo, baba."

Nikasogea.

"Kidogo tena."

Nikasogea.

"Na halua nayo ikae wapi?"

Nikasogea kwa ajili ya halua. Mwisho wa mgao nilikuwa nimekibusu kioo cha spidi, magoti yamechomoza huku na huku kama ya panzi, na kikapu kimekita kwenye uti wa mgongo. Pale Amani trafiki alinitazama mie, akamtazama shangazi, akaamua kutazama kwengine. Kila tuta shangazi alikuwa anatoa bismillahi, na mie natoa sauti nyengine. Lakini njia nyoofu haikuwa na neno. Nikajisemea, tumefika.

Tukaingia Michenzani.

Pale pana kiplefti kikubwa chenye mnara katikati, na pembeni yake yale majumba yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ni marefu kweli kweli, na verandani hakukosi watu jioni, kazi yao kutazama vyombo vinapita. Siku ile walipata faida.

Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo ukiwa ndani ya kiplefti unakata kulia. Ukikata kulia, mkono wa kulia wa usukani unarudi kwako. Kwa binadamu wa kawaida unarudi kwenye hewa. Kwangu ulirudi juu ya goti, vidole vikabanwa katikati, na kanzu nayo ikajisokota humo humo.

Hebu tazama msiba ulivyopangika. Resi ni ya mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliobanwa. Breki ya mbele ni vidole hivyo hivyo. Breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia, nao nikitaka kuunyanyua niikanyage, goti linazidi kuukaza usukani. Goti litoke, lazima nirudi nyuma. Nyuma yupo shangazi.

Njia ya Mkunazini tukaipita.

"Si pale?"

"Tutaikuta tena, shangazi."

Tukaikuta. Tukaipita. Mzunguko wa pili shangazi kanyamaza mpaka karibu na mwisho, kisha akasema taratibu, "Baba, yule muuza machungwa nishamuona." Mzunguko wa tatu muuza machungwa akatupungia mkono. Verandani mtu kapiga kigelegele, akajibiwa na jumba la pili. Si kosa lao: mwanamme kanzu nyeupe, mama kabeba kikapu, chombo kinazunguka. Wewe ungedhani nini?

Na laiti ingekuwa kwa wao tu. Kumbe nyuma yetu kulikuwa na msafara wa harusi wa watu nisiowajua, magari yamepambwa mashada, na beni juu ya gari ya mizigo linapuliza tarumbeta. Walikuja kuzunguka kweli, ndiyo raha ya harusi. Walipotuona mbele wakadhani ndio tunaoongoza. Kijana wa kamera akajitoa dirishani mpaka kiunoni, akaja ubavuni petu.

"Polepole, kaka! Bi mkubwa, tazama huku!"

Polepole! Laiti angejua.

Lakini shangazi akageuka. Mtu aliyeahidiwa kupigwa picha hakai kizembe. Alijivuta nyuma, akaweka buibui sawa, akainua kidevu, na halua ikaniacha mgongo. Nilipata inchi mbili. Nikarudi nyuma kwa nguvu zote, goti likachomoka, kanzu ikatoa mlio ambao aliyenishonea asiusikie maishani mwake, usukani ukanyooka, na vespa ikatokea kwenye njia ya kwanza iliyokuwa mbele yetu, ambayo haikuwa yetu.

Msafara mzima ukatufuata.

Utaniuliza: na klachi? Klachi ni mkono wa kushoto. Ilikuwa huru muda wote. Ningeibana tu, chombo kingeunguruma pale pale kisiende popote. Hilo na mie nilikuja kulikumbuka usiku, barafu juu ya goti.

Beni tulilipoteza mbele ya safari, au lenyewe liligutuka. Nikaha tuliikuta inamalizikia, nikasimama nyuma kabisa ya msikiti nimebana mpasuko kwa mkono. Halua ilipofunguliwa ilikuwa na mfereji katikati, wenye vifundo kwa mpangilio, mmoja baada ya mwengine. Watu wa kwa bi harusi waliusifu sana ule urembo. Shangazi akawaambia ndiyo mtindo wa Wete wa siku hizi.

Jumatatu yake nikampelekea fundi wa siti. Akaongeza sponji inchi nne, akaivalisha ngozi nyekundu. Goti sasa halifiki kwenye usukani, na mgongo hauniumi hata nikienda mpaka Bububu na kurudi. Shangazi alikuja kuitazama, akaizunguka mara moja, akauliza ngazi iko wapi.

Ila yeye yuko radhi na yote, kwa sababu video ya ile harusi ya watu imefika mtaani kwetu. Ameshaiona mara nne. Tumo karibu dakika nzima. Yeye katoka vizuri sana, kacheka, mnara uko nyuma yake. Mie uso sionekani. Linaonekana goti.