Muramu wangu, Mwingereza na ndoo

Muramu wangu, yaani shemeji, ana Kiingereza cha Kampala, na hapendi kitu hicho kifichike. Mwingereza mmoja alipokuja Bukavu kupima maji ya mto Ruzizi, yeye akawa mkalimani, mimi dereva. "Anataka bank," akaniambia kwa madaha. Nikawasha gari, moja kwa moja avenue Lumumba.

Mgeni akashuka na mabuti ya mpira hadi magotini, ndoo mkononi, na fimbo ndefu yenye namba. Mlinzi wa benki akaitazama ile ndoo. "Papa, leo unatoa kiasi gani?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mgeni akauliza maji yako wapi. Akaonyeshwa choo.

Kumbe kwa Waingereza ukingo wa mto ni bank, nyumba ya pesa ni bank, na damu ya akiba hospitalini nayo iko bank. Watu matajiri vile, halafu wanabania maneno!

Tukatoka. Jua kali. Mgeni akaomba kupumzika kwenye benchi la kambisti, yaani mbadilishaji wa fedha wa barabarani: mbao tatu zilizogongwa misumari hovyo, mbele yake meza yenye mabunda ya faranga. Muramu, ambaye hajawahi kukosa mlo, akajitupa pembeni yake. Kraa! Wote chini, ndoo ikabingirika barabarani, mwenye pikipiki akaikwepa huku akitutukania mama zetu.

Mgeni, miguu bado juu, akacheka mpaka machozi. "Banca rotta!" Eti zamani Italia wabadilishaji wa fedha walikaa nje vivyo hivyo, na benchi lao liliitwa banca. Huko ndiko ilikotoka bank ya pesa. Ile ya mto ilikuja na watu wa Skandinavia, ila ukichimba sana zote mbili zina babu mmoja. Benki na benchi ni ndugu wa damu. Na banca rotta, yaani benchi lililovunjika, ndiyo iliyowazalia Waingereza neno la kufilisika.

Maelezo yote hayo, muramu akamtafsiria kambisti hivi: "Anasema umefilisika."

"Nani? Mimi? Mbele ya wateja wangu?" Wauza vitenge wakasogea karibu wasikose kitu. "Benchi avunje yeye, kufilisika nifilisike mimi?"

Mgeni akatoa haraka noti ya dola 20. Kambisti akanyamaza, akaiinua juani, akaigeuza, akaipitisha kidole ukingoni mpaka akapata mchaniko wenye urefu wa mguu wa mbu. Akamrudishia.

"Papa, hii imepasuka. Haipiti."