Medali za Chamonix zisizohesabiwa

Wiki hii imezunguka tena ile picha. Mnaijua: washindi wa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, Chamonix, Ufaransa, 1924, bendera ndogo ndogo pembeni, Norwei juu kabisa, Ufini inafuata. Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Moshi imeletwa na jamaa mmoja ambaye kazi yake ni kuleta picha, na chini yake akaandika: "Mtu mweusi na theluji wapi na wapi." Vicheko vikamwagika.

Utani haukuniudhi. Sisi tunaoiona theluji ya Kibo tukiwa tunapiga mswaki tuna haki ya kucheka sentensi hiyo kuliko mtu yeyote. Kilichonikera ni orodha yenyewe. Inaanza na Charles Jewtraw, Mmarekani aliyechukua dhahabu ya kwanza kabisa, mbio za kuteleza barafuni mita 500, sekunde 44, tarehe 26 Januari. Inapita kwa Clas Thunberg wa Ufini aliyerudi kwao na medali tano, tatu za dhahabu. Inamtaja Thorleif Haug wa Norwei, mfalme wa ski, kisha Kanada ya magongo ya barafuni iliyowafunga Waswisi 33 kwa bila (hiyo si mechi, hiyo ni kesi ya kupeleka polisi). Halafu orodha inakwisha.

Wapagazi hawamo.

Naam, wapagazi. Siku ya kufunga michezo ile, tarehe 5 Februari, Pierre de Coubertin mwenyewe, mwasisi wa Olimpiki za kisasa, alitoa tuzo ya upandaji milima. Ilikwenda kwa msafara wa Waingereza uliojaribu kuupanda Everest mwaka 1922, na aliyeipokea ni Kanali Edward Strutt, naibu kiongozi wa msafara. Ukihesabu majina ya waliotunukiwa unapata 21. Kumi na tatu ni wazungu wa msafara. Mmoja ni Tejbir Bura, askari wa Kigurkha kutoka Nepal. Saba waliobaki ni wapagazi, na wote saba walikuwa wameshakufa.

Hao saba walikufa tarehe 7 Juni 1922. Msafara ulikuwa umeshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza Mallory, Norton na Somervell walifika kama mita 8,225 bila gesi ya oksijeni. Mara ya pili Finch na Geoffrey Bruce walipita hapo, wakafika kama mita 8,320 wakiwa na mitungi ya oksijeni, na Tejbir ndiye aliyewabebea mitungi ya ziada mpaka mwili ukamkatalia. Basi ingetosha. Watu wamechoka, masika ya kule yanaingia, theluji mpya imelala juu ya ile ya zamani. Lakini wakubwa wakataka mara ya tatu. Mallory, Somervell na Crawford wakatangulia, wapagazi 14 nyuma yao, wamefungana kamba, wanapanda kuelekea North Col, lile bonde la juu upande wa kaskazini wa mlima. Theluji ikaporomoka. Wazungu watatu wakasombwa kidogo, wakajitoa. Wapagazi tisa wakatupwa chini ya genge la barafu. Wawili wakafukuliwa wakiwa hai. Lhakpa, Pasang, Temba, Sange na wenzao hawakurudi.

Somervell, na namheshimu kwa hili, aliandika baadaye kwamba alitamani angalau Mwingereza mmoja angekufa pamoja nao. Alijua ile picha inaonekanaje: waliochagua njia wamepona, waliobeba mizigo wamefukiwa.

Sasa rudini kwenye ile tuzo. Kati ya wale 13 yumo Jenerali Charles Bruce, kiongozi wa msafara, ambaye muda wote wa majaribio alikuwa kambi ya chini. Simlaumu, alikuwa mtu mzima wa miaka 56 na uongozi ni kazi. Yumo John Noel, mpiga picha. Wamo wote, aliyepanda sana na aliyepanda kidogo. Upande wa wapagazi ni saba tu, wale wale waliokufa. Waliopandisha hema na mizigo hadi kambi ya mita 7,600 wakateremka wazima hawakupewa kitu. Wapo wapagazi sita ambao jioni moja, Finch na wenzake wamenaswa na upepo ndani ya hema juu kule, walitoka North Col na kuwapandishia chupa za chai na supu ya moto. Hakuna aliyewaagiza wakae huko, wakageuza wakashuka gizani. Kwa supu ile hakuna medali.

Yaani mzungu alihesabiwa kwa kushiriki. Mpagazi, ili ahesabiwe, ilibidi afe.

Na hata hivyo, hao saba waliolipa bei yote, bado hamwaoni kwenye picha ya WhatsApp! Tuzo ya wapanda mlima haiingizwi kwenye jedwali la medali. Na mnisamehe, nimeshawahi kubishana na watu juu ya hili, na majibu yao nayajua.

Jibu la kwanza: ule haukuwa mchezo wa mashindano. Hakuna refa, hakuna saa, hakuna mpinzani, na tena tukio lenyewe lilikuwa miaka miwili kabla, bara jingine. Haya, nakubali. Kwa shingo upande, lakini nakubali, hoja ina miguu. Kamati ya Olimpiki yenyewe iliitoa tuzo hiyo mara tatu tu, 1924, 1932 na 1936, ikaiacha.

Ila basi tusijifanye kwamba Chamonix palikuwa na mambo yaliyonyooka tangu mwanzo. Wachezaji wale walialikwa kwenye Wiki ya Kimataifa ya Michezo ya Majira ya Baridi. Ndilo jina lililokuwa limetangazwa. Jewtraw alipovuka mstari wake, Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa haijazaliwa rasmi. Cheo kilikuja baadaye, kikarudishwa nyuma, watu wakaamka ni mabingwa wa Olimpiki. Waskoti walioshinda ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu walisubiri hadi 2006 kamati ikathibitisha kwamba medali yao ni halali kama nyingine. Miaka 82! Walikuwa wameshazikwa wote.

Na kuna Anders Haugen, ambaye kisa chake kingetosha kuwanyamazisha wote wanaosema matokeo yakishaandikwa yameandikwa. Huyu alizaliwa Norwei akahamia Marekani, akaenda Chamonix kuiwakilisha Marekani kwenye kuruka kwa ski. Siku ile aliruka mbali kuliko wote, mita 50, lakini waamuzi wakambana kwenye alama za mtindo, akaandikwa wa nne. Shaba akapewa Thorleif Haug, ambaye tayari alikuwa na dhahabu tatu shingoni. Jacob Tullin Thams dhahabu, Narve Bonna fedha, Haug shaba: Norwei tupu, bendera tatu zinazofanana, safi kabisa. Maisha yakaendelea. Haug akafa 1934, bado kijana. Haugen akazeeka Marekani akijulikana kama yule wa nne.

Ikapita nusu karne. Wanorwei wenyewe, tena watani na ndugu zake Haug katika ski, wakazipitia zile karatasi upya na kukuta alama za Haug zilijumlishwa vibaya. Hesabu ya kujumlisha! Si hila, si rushwa, ni karani aliyekosea jumla, na watu wakainakili miaka 50. Mwaka 1974 Haugen, mzee aliyepita miaka 80, akasafirishwa hadi Norwei, na binti yake Haug akamkabidhi medali ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka leo ni Mmarekani pekee mwenye medali ya Olimpiki ya kuruka kwa ski.

Nampenda yule binti kuliko mabingwa wote wa Chamonix. Angeweza kusema baba kafa, nendeni zenu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa "matokeo ni matokeo", kamati hizi zikitaka kurudi nyuma, zinarudi. Zimerudi kwa jina la michezo, zimerudi kwa mawe ya Waskoti, zimerudi kwa desimali za Haug. Kwa wapagazi ndipo ghafla kila mtu anakuwa mwanasheria.

Jibu la pili ndilo linalonipandisha presha: "Lakini si walikuwa wanalipwa?"

Mnaona lilipofika? Olimpiki za enzi hizo ziliabudu mchezaji wa ridhaa, mtu anayecheza kwa mapenzi tu, na kwa kawaida huyo ni mtu ambaye ada ya mapenzi hayo analipiwa na shamba la baba yake. Anayelipwa si mwanamichezo, ni kibarua. Mallory akipanda, huo ni moyo. Temba akipanda njia hiyo hiyo, na mzigo wa Mallory mgongoni, huo ni mshahara. Na wala hamna haja ya kwenda Tibeti kuitafuta sentensi hiyo, maana mimi nimeisikia hapa hapa Moshi, hotelini, kutoka kwa watu wetu wenyewe wenye magari ya watalii. "Si wanalipwa?"

Mjomba wangu alikuwa mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wa mlimani. Amebeba mahema, amebeba mitungi ya gesi ya jikoni, amebeba meza na viti vya kukunja ili mgeni ale chakula cha jioni ameketi kama yuko kwao. Aliwahi kubeba choo. Anakisimulia kile choo kwa fahari kuliko kitu kingine chochote, na wageni wote waliokikalia anawakumbuka kwa nchi zao. Miaka yote hiyo hana picha hata moja kileleni, kwa sababu mpagazi hafiki kileleni: anaishia kambi ya Barafu au kambi ya Kibo, anabaki kulinda mahema na kuchemsha maji, wageni na waongozaji wanapanda usiku, asubuhi wanashuka wakilia kwa furaha. Yeye anawavua viatu, anawapa juisi. Kisha anafunga mizigo, anawahi kuwapita njiani ili wakifika kambi ya chini wakute hema limesimama. Mgeni mmoja anaweza kuwa na watu watatu au wanne wa namna hii nyuma yake. Siku hizi kuna mzani getini na kikomo cha kilo 20, na yapo mashirika yanayowatetea, jambo jema, sikatai. Enzi za mjomba mzani ulikuwa ni shingo.

Na usiniambie hili ni la wazungu peke yao. Muulize mtoto yeyote wa shule nani wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro. Hans Meyer, 1889! Wachache watamwongezea Ludwig Purtscheller. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye huku kwetu ndiye anayetajwa kuwa mwongozaji wa safari ile, nchi ilimkumbuka kwa kishindo 1989, miaka 100 ilipotimia, naye akiwa kikongwe. Wapo wanaohoji kama kweli alikuwa kwenye safari ile hasa au nyingine ya baadaye. Wahoji, historia ndiyo kazi yake. Lakini angalieni kinachofanya swali hilo liwezekane: hakuna aliyejisumbua kuandika vizuri nani alikuwa nani kati ya waliobeba. Majina ya wawili tuna uhakika nayo hadi herufi ya mwisho. Ya wengine tunayagombania miaka 100 baadaye, halafu tunawalaumu wao kwa kukosa ushahidi.

Mwaka 2012 Mwingereza Kenton Cool aliipandisha moja ya zile medali za Chamonix, ya Daktari Wakefield wa msafara ule wa 1922, hadi kilele cha Everest, kutimiza ahadi aliyoitoa Strutt mbele ya Coubertin. Safari nzuri, imepigwa picha vizuri. Kama kuna aliyewaza kupandisha ya Lhakpa, sijamsikia.

Kwa jamaa yetu wa kwenye kundi: jibu la "wapi na wapi" ni kwamba Mkenya Philip Boit aliteleza kilomita 10 huko Nagano 1998, akaja wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Umeridhika? Tuendelee na la maana.

Pale geti la Mweka, mgeni akishuka kutoka Kilimanjaro anapewa cheti. Jina lake kamili, tarehe, saa aliyofika, jina la mwongozaji, saini za wakubwa wa hifadhi. Mpagazi anapewa bahasha ya tipu, kama mgeni hakuishiwa. Napendekeza nyuma ya kile cheti yachapwe majina ya waliobeba, wote, pamoja na wa jikoni na wa choo. Majina yao yapo tayari, yanaandikwa getini siku ya kupanda kwa sababu za mzani. Gharama ni wino. Na kama nafasi itakuwa finyu, saini moja ya mkubwa ipunguzwe.