Aliacha gharama kwanza, kazi baadaye

Mhasibu akiacha kazi ghafla, watu hawaulizi kwa nini. Wanauliza ameiba shilingi ngapi. Dada mmoja niliyekaa naye meza za jirani kwa miaka tisa, katika taasisi moja ya fedha pale Posta, Dar es Salaam, aliandika barua ya kuacha kazi akiwa na miaka 38, akahamia Muheza, mkoani Tanga. Kabla hajamaliza kufunga mizigo, habari tatu zilikuwa zimeshazunguka ofisini: kuna pesa zimepotea, ana ugonjwa anauficha, au kuna mwanaume. Hakuna aliyefikiria la nne, kwamba alikaa chini na kalamu, akapiga hesabu, na hesabu ikamwambia aondoke.

Wanaopinga uamuzi kama wake wana hoja, na nzito. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Waombaji walizidi 135,000, karibu watu 85 kwa kila kiti kimoja. Katika nchi yenye foleni ya namna hiyo, mtu kuinuka kwa hiari kunaonekana kama kumwaga maji mbele ya wenye kiu. Halafu mshahara wa mmoja hapa kwetu haujawahi kuwa wa mmoja. Ndani yake mna dawa za mama, ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya kijijini, na simu za usiku zinazoanza na "samahani kukusumbua". Kadi ya bima ya afya iliyokuja na ajira huondoka na ajira. Fao la kukosa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Na pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15 kamili. Mwenzangu alikuwa na miezi 132.

Yote haya aliambiwa, tena na watu wanaompenda. Shangazi yake alisafiri kutoka Korogwe kuja kumwambia ana kwa ana: "Mwanangu, sisi tulikuwa tunakuegemea wewe." Akamjibu, "Mtaendelea kuniegemea, shangazi, ila sasa mtakuwa mnaniona." Mama yake ana kisukari, anaishi Muheza, na kwa miaka kumi na moja binti yake alikuwa akimtumia pesa kila tarehe 28 na kumwona mara mbili kwa mwaka.

Sasa tuitazame ile hesabu, maana ndiyo ambayo wanaomlaumu hawajaipiga.

Tuuweke mshahara kwenye Sh2,000,000 kwa mwezi. Wake haukuwa mbali na hapo. NSSF inachukua asilimia 10, Sh200,000. Kinachobaki kinakatwa kodi ya mapato, na kwa viwango vya Tanzania Bara kodi hiyo ni Sh368,000. Kama ulisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh300,000. Kinachoingia benki ni Sh1,132,000. Hapo bado hujatoka nyumbani. Nauli ya daladala na bodaboda Sh8,000 kwa siku, mara siku 22, ni Sh176,000. Chakula cha mchana Sh110,000. Nguo, viatu na nywele za kuonekana mtu wa ofisini, tuseme Sh46,000. Zimebaki Sh800,000.

Kisha hesabu saa. Mkataba unasema saa 45 kwa wiki, yaani kama saa 195 kwa mwezi, na kwa karatasi hiyo saa moja yako inalipwa zaidi kidogo ya Sh10,000. Lakini yeye alikuwa anafunga mlango wake Kibamba saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuufungua saa mbili usiku. Hizo ni saa 14 na nusu. Kwa siku 22 ni saa 319. Gawanya Sh800,000 kwa saa 319, unapata Sh2,500 na senti. Robo ya kile alichodhani anauzia saa zake.

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu hesabu hii ikitumiwa vibaya inapotosha. Pesa ya NSSF haijapotea, ni yake. Deni la bodi ni deni, halifutiki kwa kuacha kazi. Ukizirudisha zote mbili ndani ya hesabu, saa yake inapanda hadi kama Sh4,000. Bado haifiki nusu ya ile ya kwenye karatasi.

Wengi wangeishia hapo na kusema, basi, pesa ndogo ni bora kuliko hakuna pesa. Mimi siishii hapo, kwa sababu kuna takwimu moja ambayo tangu niisome sijaweza kuiweka pembeni. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja kuhusu saa ndefu za kazi. Walisema mwaka 2016 watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, wa saa 55 ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa moyo iliyo juu kwa asilimia 17.

Namba yenyewe ni kubwa, lakini si ukubwa unaonisumbua. Kinachonisumbua ni umri. Vifo vingi kati ya hivyo ni vya watu wa miaka 60 hadi 79, waliofanya kazi saa hizo ndefu walipokuwa na miaka 45 hadi 74. Maana yake mwili unaandika deni kimya kimya, na barua ya kudai inakuja baadaye. Inakuja umeshaagwa, umepigwa picha na zawadi ya jokofu, umeanza kufuatilia mafao. Kila mmoja wetu anamjua mstaafu wa namna hii. Alitumikia miaka thelathini, akapooza upande mmoja ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na mkupuo wake wa mafao ukaishia kwenye mazoezi ya viungo na teksi za kwenda hospitali. Msibani tunasema ni kazi ya Mungu. Sawa. Lakini zile saa zilikuwa kazi ya binadamu.

Na sheria yetu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 ndani ya wiki nne. Zijumlishe: saa 180 za kawaida na 50 za ziada ni 230. Gawa kwa nne, unapata saa 57 na nusu kwa wiki. Mwajiri anayefuata sheria kwa uaminifu kabisa, analipa hadi senti ya mwisho ya muda wa ziada, anaweza kukuvusha mpaka wa 55 bila kuvunja kifungu hata kimoja. Meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki hata na kikomo hicho. Na foleni ya Kimara haihesabiwi popote.

Mwenzangu alipimwa presha kwenye kampeni ya afya ofisini, ikasoma 160 kwa 100. Muuguzi alimwambia akae dakika kumi, akapima tena, ikasoma vilevile. Alirudi mezani kwake akafunga mahesabu ya mwezi. Alikuwa na miaka 35.

Miaka mitatu ilipita kati ya siku hiyo na barua yake, na hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaijui. Wanadhani aliamka asubuhi akaacha kazi. Alichoacha kwanza ni gharama. Aliuza gari ambalo alikuwa bado analilipia mkopo, akamaliza deni, akarudi kwenye daladala. Akahama nyumba ya vyumba vitatu Sinza, akapanga viwili Kibamba. Akaanza kubeba chakula, ingawa si kila siku. Hapa lazima niseme jambo lililo wazi kwa mhasibu na si wazi kwa kila mtu: ukipokea Sh1,132,000 na kutumia milioni moja, inakubidi ufanye kazi karibu miezi minane ili kuweka akiba ya kuishi mwezi mmoja. Ukitumia nusu, kila mwezi wa kazi unakununulia mwezi mmoja wa uhuru. Ndani ya miezi 30 aliweka karibu Sh17,000,000 kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Dar es Salaam hizo ni pesa za miaka miwili na nusu. Muheza, ambako matumizi yake pamoja na ya mama yake ni kama Sh350,000 kwa mwezi, ni pesa za miaka minne, hata asipoingiza senti. Na anaingiza: anawaandikia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wa machungwa na maduka mawili ya pembejeo, siku tatu kwa wiki.

Gharama iliyomtesa kuikata haikuwa gari. Ilikuwa michango. Mtu mwenye kazi ya benki anapewa kadi ya harusi ya mwenye kazi ya benki, singo elfu hamsini, dabo laki moja, na mwezi wa Desemba kadi zinafika tano. Anaingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati bila kuulizwa, jina lake linaandikwa na ahadi inayolingana na cheo chake. Hapa wapinzani wake wana haki kubwa kuliko wanavyojua wenyewe, kwa sababu mchango si anasa. Ni bima yetu ya kale. Aliyechangia anazikwa na watu. Aliyekaa pembeni anazikwa na familia tu. Yeye aliamua misiba yote atachanga, hata kama ni elfu tano, na harusi atachanga za ndugu wa damu na majirani wa karibu. Watu wawili aliosoma nao Mzumbe hawamsemeshi mpaka leo. Hilo halikuingia kwenye hesabu yake, na ananiambia linamuuma kuliko alivyotarajia.

Wapo pia wanaosema haya ni mawazo ya kuiga ya watu wa Ulaya waliokwishashiba. Siwaelewi. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakagusa na suala la mishahara ya wakubwa, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alipotoka Ikulu mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Bibi zetu walikuwa na neno kuridhika muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulifanyia semina.

Hata hivyo simshauri kila mtu. Mwenye mkopo uliomwacha na theluthi tu ya mshahara, akiacha kazi leo, haendi kwenye maisha rahisi. Anaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Mwenye watoto watatu shuleni na mzazi anayesafishwa figo anaishikilia ile bima, na anafanya vizuri. Na anayeacha ajira ili afungue biashara ya kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, huyo ameongeza saa. Takwimu ya saa 55 haimuulizi mtu kama bosi ni yeye mwenyewe.

Ninachokataa ni kumwita mvivu, au mwoga, au mtu aliyeshindwa na mjini. Na ninakataa kwamba alikuwa na njia mbili tu. Miezi saba kabla ya kuondoka aliandika barua nyingine, ambayo ofisini tuliijua watu wachache. Aliomba kufanya kazi siku nne kwa wiki, mshahara upungue kwa moja ya tano, na NSSF yake iendelee hadi itimie ile miezi 180. Aliambatanisha ratiba ya namna kazi ya siku ya tano ingegawanywa. Alijibiwa kwa mdomo, kwenye korido, kwamba muundo wa ajira hauna kitu kama hicho. Alipoondoka, nafasi yake ilikaa wazi miezi mitano, na kazi yake tukagawana wanne, baada ya saa za kazi.

Sasa NSSF anachangia mwenyewe, kama aliyejiajiri. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amebakiza miezi 31. Alinipima presha kwa kipimo cha mama yake, mezani, kabla hajaniandalia chai, na hakunionesha namba hadi alipoipima mara ya pili.